Nilimpa mzee unga wa upupu kwa ajili ya Parkinson. UZI mrefu, soma kabla hujanunua mkebe

#1 Mwalimu_Luanda

Wadau salamu. Hii stori nimekaa nayo miezi minne nikiona aibu kuiandika, lakini wiki hii watu watatu wamenitumia kwa WhatsApp ile video ya mbegu inayomaliza kutetemeka, wawili kati yao ni walimu wenzangu, nikaona heri niandike mara moja niwe natuma linki tu.

Mzee wangu ana miaka 71. Alikuwa mweka hazina wa chama chao hapa Luanda, Kenya, miaka mingi sana na daftari zote bado ziko kwa kabati yake, hakubali zitolewe. Ukizipanga kwa meza unaona ugonjwa ukija. 2014 herufi ni kubwa, zimenyooka, ule mwandiko wa watu waliochapwa shuleni. 2017 zimeanza kulala. 2019 neno "michango" linaanza vizuri halafu linapungua, linapungua, mpaka mwisho ni kama sisimizi amepita kwa wino. Sisi tulisema ni macho, tukamnunulia miwani. Kumbe mwandiko kuwa mdogo hivyo ni dalili inayojulikana. Na kabla ya hapo alikuwa ameacha kusikia harufu, mboga inaungua na yeye amekaa hapo hapo kando ya jiko hajui, hiyo pia tukasema ni uzee. Mkono ulianza kutetemeka mwisho kabisa, ndio watu wakastuka, na shangazi mmoja akasema ametupiwa kitu sokoni kwa sababu ya pesa za chama. Hiyo ilituchelewesha mwaka mzima, sitaki kusema mengi.

Kwa kifupi, ndani ya ubongo, sehemu ya chini, kuna mahali padogo peusi panaitwa substantia nigra. Seli za hapo zinatengeneza dopamini, ile kemikali inayofanya mwili usogee bila kukwama kwama. Kwa Parkinson hizo seli zinakufa polepole, na ndani yake kunaonekana mabonge ya protini inaitwa alfa-sinukleini. Mpaka mkono uanze kutetemeka, sehemu kubwa ya zile seli ilishaenda kitambo.

Mzee akaanzishiwa levodopa, dawa ambayo ikifika ubongoni inageuka dopamini, nusu tembe ya ile ya miligramu 250, mara tatu kwa siku. Ikasaidia. Si kabisa lakini ikasaidia. Sasa rafiki akaniambia kuna mama mjini Kisumu anauza unga wa upupu, "ya asili, haina kemikali". Mimi nafundisha bayolojia, si eti sijui kusoma. Nikaingia intaneti nikakuta ni kweli, mbegu za mucuna, yaani huo upupu, zina levodopa ndani, levodopa ile ile. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Ingekuwa uongo ningeitupa siku hiyo hiyo.

Vijiko viwili vya kujaa kwa uji asubuhi, viwili jioni, na tembe aendelee nazo kawaida kwa sababu tuliambiwa unga ni chakula tu. Siku mbili za kwanza mzee alikuwa kijana. Alifunga vifungo vya shati mwenyewe, hata kile cha kwa kola, ambacho mama amekuwa akimfungia tangu 2021. Mama alilia. Mimi nikatuma picha kwa gurupu ya familia na maneno mengi ya kijinga.

Siku ya nne akaanza kutapika, uji wote nje. Siku ya sita shingo na bega zikaanza kujipinda zenyewe na mguu mmoja unarushwa rushwa, hiyo si kutetemeka tena, ni kama mtu anacheza isukuti akiwa amekaa na hawezi kuacha. Usiku akaniita kwa sauti ya chini akaniuliza wale watoto wamekaa kwa kochi kama wamekula. Hakukuwa na watoto.

Hospitalini daktari, msichana mdogo hivi, akasema nirudi nyumbani nilete huo mkebe. Akapima kijiko kwa macho, akapindua karatasi ya maabara akaanza kupiga hesabu nyuma yake. Mbegu ya mucuna ina levodopa kama asilimia 4 mpaka 6. Vijiko viwili vya kujaa ni kama gramu 15. Chukua asilimia 4 tu: miligramu 600. Mzee alikuwa anameza 125 kwa mara moja. Halafu akaniambia kitu mimi mwalimu sikuwa nimefikiria. Levodopa ukiimeza peke yake nyingi inaharibikia kwa utumbo na damu kabla ifike ubongoni, ndio maana tembe imechanganywa na kabidopa, kazi yake ni kuzuia huo uharibifu. Sasa unga hauna kabidopa. Lakini ukiunywa pamoja na tembe, ile kabidopa ya tembe haichagui, inalinda hata levodopa ya unga. Kwa hivyo sikuwa nimempa mzee chakula. Nilikuwa nimempa dozi kubwa ya dawa ile ile juu ya dawa, kwa kijiko cha uji.

Uzi nitaendeleza kwa maswali. Nataka tuongee hii mambo ya mimea na Parkinson vizuri, maana kuna ukweli mwingi ndani yake na kuna hatari nyingi, na hivyo viwili vinakaa kwa mmea mmoja.

#2 NyarKisumo

Pole sana Mwalimu, pole kwa mama pia. Jaduong' anaendeleaje sasa?

Mimi swali langu ni lingine. Mamangu hana Parkinson lakini babake alikuwa nayo, sasa yeye anaogopa, kila asubuhi anakunywa majani ya mstafeli yamechemshwa, aliambiwa kanisani yanazuia kansa na yanasafisha mishipa ya kichwa. Anakunywa mwaka wa pili huu. Hiyo si ni sawa? Ni majani tu.

#3 Mkulima_Njoro

Mwalimu umenirudisha mbali. Hiyo mucuna sisi tulipewa mbegu na watu wa mradi wa udongo, unapanda na mahindi inafunika shamba yote, inarudisha naitrojeni, magugu hayaoni jua. Hiyo ya shamba haiwashi kama upupu wa porini. Lakini tuliambiwa wazi kabisa, usile na usipe kuku, mpaka uchemshe sana na kumwaga maji mara kadhaa. Kuna jirani alichemsha mara moja tu akala na familia kama maharagwe, walishinda choo na kutapika usiku mzima. Sasa leo naona watu wanauziwa kwa mkebe kama dawa ya ubongo!! Dunia.

#4 Mwalimu_Luanda

Mkulima asante, hiyo ya kumwaga maji ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Msumbiji mwaka 1989, wakati wa njaa na vita, zaidi ya watu 200 waliingia wazimu wa ghafla baada ya kula mucuna, wengine kuona vitu, wengine kuchanganyikiwa kabisa. Wao walikuwa wanajua kuipika, siku zote walikuwa wanachemsha na kumwaga, ila ukame ulifanya maji yakawa haba na hayo ya kupikia hayakumwagwa. Nilisoma hiyo baada ya mzee kuona watoto kwa kochi. Nilifunga simu nikatoka nje nikasimama tu.

NyarKisumo, kwa heshima, na naomba usimwambie mama vibaya: mwambie aache hayo majani kwanza. Na hii si uoga wangu. Kule Guadeloupe, kisiwa cha Wafaransa huko Karibi, mwishoni mwa miaka ya tisini madaktari waligundua wagonjwa wengi wana ugonjwa unaofanana na Parkinson lakini si ile ya kawaida, wanaanguka mapema, akili inachoka mapema, na levodopa haiwasaidii sana. Walipochunguza wakakuta wengi ni watu wa kula mstafeli na kunywa chai ya majani yake. Ndani ya mstafeli kuna kemikali inaitwa anonasini. Hiyo inaingia kwa mitokondria, zile jenereta za seli, na inazima hatua ya kwanza ya kutengeneza nguvu. Seli za dopamini zinakula nguvu nyingi sana kwa hivyo ndizo zinaumia mapema. Haijathibitishwa asilimia mia kwamba mstafeli pekee ndio ulifanya hivyo, lakini mtu ambaye baba yake alikuwa na Parkinson kunywa hiyo kila siku miaka miwili ili alinde ubongo, aki hapana. Tunda moja sokoni siku moja moja siwezi kumtisha nalo. Ni chai ya kila siku ndiyo naongelea.

Mzee anaendelea vizuri, nitasema.

#5 Ukweli_Mchungu254

Hizi ndizo stori za kampuni za dawa. Mmea ukisaidia wanasema ni sumu, kidonge chao kikiua wanasema ni madhara madogo. Babu zetu walijua mimea, hawakuwa na hii Parkinson. Mzungu alificha upupu ili auze tembe. Amkeni.

#6 Mwalimu_Luanda

Kaka sitakutukana, na nusu ya unachosema nakielewa. Lakini kuhusu kuficha, angalia historia. Levodopa ilitolewa kwa mmea. 1913 huko Uswisi mwanakemia mmoja, Marcus Guggenheim, aliitoa kwa maharagwe mapana, yale makubwa ya bapa, akaimeza mwenyewe gramu 2.5 kuona itafanya nini. Akatapika vibaya sana. Kwa hivyo kutapika kwa mzee wangu kuna historia ya zaidi ya miaka mia moja, ningesoma hiyo kwanza ningeokoa uji. Ikakaa hapo miongo mingi hakuna mtu anajua ni ya nini. Baadaye Arvid Carlsson wa Sweden akaonyesha kazi ya dopamini kwa ubongo, akapata Nobel mwaka 2000, na 1967 George Cotzias huko New York akaonyesha kwamba ukianza kidogo kidogo na kupandisha polepole wagonjwa wanaamka. Polepole ndiyo siri yenyewe. Hakuna kilichofichwa hapo, kilichoongezwa ni kipimo.

Na upupu wenyewe umepimwa. London 2004, watu 8, unga wa mucuna gramu 30 ulifanya kazi haraka kuliko tembe na ukakaa mwilini zaidi. Bolivia, matokeo ya 2017, wagonjwa 18, mbegu zilizokaangwa na kusagwa, dozi moja ikashindana vizuri na tembe. Nia yao ilikuwa nzuri, kusaidia watu maskini wasioweza kununua levodopa, na hiyo ni shida yetu hata hapa. Lakini walipojaribu kuwapa watu 14 kila siku kwa wiki 16, nusu yao waliacha, wengine kwa sababu ya tumbo, wengine mwili ulizidi kuwa mbaya. Hiyo sehemu ya pili haimo kwa video ya WhatsApp.

Na babu zetu walikuwa nayo. Walikuwa wanaitwa wamelogwa. Wazungu pia, kabla James Parkinson wa London aiandike 1817 haikuwa na jina, lakini watu walikuwa wanatetemeka. Kule India vitabu vyao vya dawa za kale vinaongea juu ya ugonjwa wa kutetemeka na mbegu hii hii ya mucuna walikuwa wanaitumia. Kwa hivyo wazee walijua mmea, hiyo nakubali kabisa. Ila yule mganga alikuwa anamjua mgonjwa na anamuona kila siku. Yule mama wa mkebe hakuniuliza hata mzee ana kilo ngapi.

#7 Kemisti_Kondele

Mimi niko kwa kemisti hapa Kondele, Kisumu, nataka kuongeza mambo ambayo naona kila wiki.

Moja, mtu yeyote asisome huu uzi halafu aache tembe ghafla. Levodopa ikikatwa ghafla mtu anaweza kukauka mwili wote na joto kupanda, hiyo ni ya kukimbia hospitali. Mwalimu najua hukusema hivyo, lakini watu husoma nusu.

Ya pili ni ya chakula. Levodopa inatumia mlango mmoja na protini kuingia kutoka utumbo na kwenda ubongoni. Mzee akimeza tembe na sahani ya omena au maharagwe, protini inapita mbele, dawa inabaki kwa foleni. Halafu familia inakuja kwangu inasema dawa ni feki. Nauliza saa ngapi anameza, wananiambia na chakula cha jioni ndio asisahau. Nusu saa kabla ya chakula, au kama saa moja baadaye. Tembe za damu za ayani pia zisimezwe pamoja nayo.

Halafu hii watu wengi hawajui. Mgonjwa wa Parkinson akitapika, akienda mahali pa haraka haraka anapewa metoklopramidi, tunaijua kama Plasil. Hiyo inazuia dopamini, inafanya Parkinson iwe mbaya zaidi. Mwambie anayempa kwamba mgonjwa ana Parkinson, kuna dawa nyingine ya kutapika. Na nimeona wazee wamepewa sinarizini ya kizunguzungu wanameza miezi na miezi bila kurudi kuonwa, baadaye wanatetemeka na kutembea kama wamefungwa miguu, familia inaamini ni Parkinson. Ukisimamisha dawa wengi wanarudi taratibu. Kabla ya kutafuta mmea, tafuta kwanza mfuko wa dawa za mzee uumwage wote kwa meza.

#8 Mwalimu_Luanda

Kemisti barikiwa. Hiyo ya omena ndiyo imebadilisha nyumba yetu kuliko kitu chochote, nitarudi hapo.

#9 ChaiNandi

Sasa kinga je? Mimi sina ugonjwa, nataka nisiupate. Huku kwetu tuna chai ya zambarau, wanasema ni ya ubongo. Na manjano, tangawizi, kila mtu anauza kitu. Kuna kitu kweli kinazuia?

#10 Otis_wa_Milimani

Nimesikia wavuta sigara hawapati Parkinson. Kama ni kweli naomba mniambie mapema nianze leo, bibi yangu yuko hapa anasoma juu ya bega langu.

#11 Mwalimu_Luanda

Otis hehe, muonyeshe bibi huu ujumbe wote.

Hapa ndio pana utamu na hapa ndio watu wanadanganywa, kwa hivyo nitaongea polepole. Kuna vitu viwili tofauti. Kupunguza dalili ni kazi ya levodopa, unaongeza maji kwa drum inayovuja, drum bado inavuja. Kukinga au kuchelewesha ni kuziba ufa wenyewe. Mpaka leo hakuna kitu, si tembe si mmea, ambacho kimethibitishwa kuziba huo ufa kwa binadamu. Kila anayekuuzia kinga muulize anaongelea ipi.

Tuanze na kahawa kwa sababu ndiyo yenye nguvu. Hawaii walifuatilia wanaume 8,004 wenye asili ya Kijapani kwa miaka 30, matokeo yakatoka 2000, wale ambao hawakunywa kahawa kabisa walipata Parkinson kama mara tano kuliko waliokunywa vikombe vingi. Tafiti nyingine zikaja zikaonyesha mwelekeo huo huo. Kwa panya kafeini inalinda zile seli. Watu wakasema basi imeisha. Wakachukua wagonjwa wakawapa kafeini, wengine plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa, matokeo 2017: haikuwasaidia dalili. Sasa inaweza kuwa kafeini inasaidia kabla tu si baadaye. Au inaweza kuwa kinyume, yaani mtu ambaye dopamini yake imeanza kushuka miaka mingi kabla ya kutetemeka hafurahii kahawa sana, kwa hivyo haikuwa kahawa inayomlinda, ni ugonjwa uliomtoa kwa kahawa. Hiyo unaitofautisha vipi ukiangalia takwimu tu? Ngumu.

Sigara ni hivyo hivyo. Kweli kabisa wavutaji wana Parkinson kidogo kuliko wengine, imeonekana mara nyingi. Lakini pia inaonekana watu wanaoelekea kupata Parkinson wanaacha sigara kirahisi, haiwashiki, kwa sababu ile raha ni ya dopamini. Ujerumani na Marekani walijaribu plasta za nikotini kwa wagonjwa wapya mwaka mzima, hazikupunguza mwendo wa ugonjwa. Otis kaa na bibi yako, mapafu unayo mawili tu. Kama unataka nikotini kidogo ya bure, kula pilipili hoho na nyanya, ni jamaa moja na tumbaku, na kuna utafiti wa 2013 huko jimbo la Washington uliokuta walaji wa hoho wana ugonjwa kidogo. Kukuta tu, si kuthibitisha. Lakini hoho haina hasara, hata ikikosea umekula mboga.

ChaiNandi, chai yako. Flavonoidi ni zile rangi na uchungu uchungu wa mimea, ziko kwa chai, matunda ya damu damu, machungwa. Harvard walifuatilia watu kama 130,000, wakatoa matokeo 2012, wanaume waliokula flavonoidi nyingi zaidi walikuwa na hatari ndogo kwa kama asilimia 40. Kwa wanawake haikuonekana hivyo kwa jumla, usiniulize kwa nini. Ile chai ya zambarau, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima 2011 na ina anthosayanini, hiyo rangi yenyewe, na wanasayansi wa hapa hapa Kenya walionyesha 2014 kwamba kwa panya zile anthosayanini zinavuka ule ukuta wa kati ya damu na ubongo na kuingia ubongoni. Hiyo ni kazi nzuri na najivunia. Lakini panya si mzee wangu. Kunywa chai yako, inywe kwa sababu ni tamu. Usinunue "kiini cha chai ya kijani" cha kwa chupa: Ujerumani walikipa wagonjwa wa ugonjwa jirani na Parkinson, matokeo 2019, hakikupunguza chochote na wengine maini yakaumia. Kwenye kikombe ni chai. Ukikamua kikombe hamsini ukaweka kwa kidonge, hiyo ni dawa na inataka heshima ya dawa.

Manjano kwa chupa ya maabara inazuia mabonge ya alfa-sinukleini vizuri sana, shida ni kwamba ukila haipiti tumboni kuingia kwa damu, karibu yote unaenda nayo choo. Weka kwa mchuzi.

#12 Mkulima_Njoro

Mwalimu kabla hujaenda. Umesema mstafeli unazima jenereta ya seli. Sasa utupa je? Ile tunapanda pembeni ya shamba kufukuza fuko, na majani tunaponda tunanyunyizia mahindi. Zamani watu walikuwa wanaponda wanamwaga mtoni samaki wanaelea. Mimi nanyunyizia mwenyewe, kitambaa kwa pua, glavu sina.

#13 Mwalimu_Luanda

Mkulima hapo umegusa penyewe, na ungekaa kimya ningekuuliza mimi.

Utupa una rotenoni. Samaki anaelea kwa sababu rotenoni inazima hatua ile ile ya mitokondria ambayo anonasini ya mstafeli inazima. Mwaka 2000 huko Atlanta, kikundi cha mtafiti mmoja, Greenamyre, kiliwapa panya rotenoni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, panya wakapata kitu kama Parkinson kabisa, kukakamaa, seli za dopamini kufa, mpaka na mabonge ya protini. Leo ukitaka kutengeneza panya mwenye Parkinson maabarani, rotenoni ni mojawapo ya njia. Halafu 2011 wakaangalia wakulima wa Iowa na North Carolina, waliotumia rotenoni walikuwa na uwezekano kama mara mbili na nusu. Na parakwati, ile dawa ya kuunguza magugu, karibu hivyo hivyo. Parakwati Ulaya iliondolewa 2007. Ufaransa tangu 2012 mkulima aliyepata Parkinson baada ya miaka ya kunyunyizia anahesabiwa ameumia kazini, analipwa.

Kwa hivyo shambani kwako mucuna iko huku na utupa uko kule, yote ya asili, yote haina "kemikali" kama yule mama anavyosema. Rotenoni inaharibika haraka juani, na kuupanda tu kwa ua si sawa na kupumua ule unyunyu, usiung'oe leo kwa hofu. Lakini kitambaa kwa pua si kitu. Nunua glavu za mpira agroveti, barakoa ya kweli, simama upepo ukiwa nyuma yako, oga na ubadilishe nguo kabla ya kubeba mtoto. Na usiponde kwa kinu cha nyumbani, nimeona watu wanafanya hivyo halafu kesho wanatwanga karanga humo.

Mzee wangu alinyunyizia hiyo miaka mingi, bila glavu, na parakwati pia kwa kahawa ya watu. Siwezi kusema ndiyo ilimfanya. Kuna jeni, kuna umri, kuna bahati mbaya tu. Lakini nikikaa usiku hiyo ndiyo huwa nafikiria, si upupu.

#14 NyarKisumo

Nimeongea na mama. Amekasirika, amesema mimi nimesomea kumnyima kila kitu. Halafu baadaye nimemkuta amemwaga ile sufuria kwa maua. Ero kamano Mwalimu. Sasa anauliza anywe nini asubuhi.

#15 Mwalimu_Luanda

Mwambie kahawa kama tumbo linakubali, na atembee. Kutembea haraka mpaka jasho, hata nusu saa, hiyo haiuzwi kwa mkebe lakini kwa walio na Parkinson ina ushahidi kuliko unga wowote niliotaja hapa, mwendo na usawa unasaidika kweli. Mzee wangu sasa anaenda mpaka stejini na kurudi na mjukuu anamhesabia hatua kwa sauti, moja mbili moja mbili, kwa sababu akihesabiwa hakwami mlangoni.

Mliuliza anaendeleaje. Ule unga uliisha kwa mwili kama siku mbili tatu, watoto wa kochi wakaondoka, daktari akapandisha tembe kidogo tu, kidogo, na akatupangia saa. Vifungo vya chini anafunga mwenyewe siku nyingine, cha kola mama anamfungia. Juzi aliomba daftari ya chama aandike jina lake. Lilianza kubwa likaisha dogo, lakini linasomeka.

Niwaache hapa. Ni saa moja na dakika ishirini, naskia omena imeanza kulia kwa mafuta, tembe lazima iingie kabla haijaiva, na huyu mzee akisikia njaa hangoji mtu.